Ushindi Mara Tatu, na Safari ya Kurudi Nyumbani

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Kusoma jedwali la mashindano

  Ninyi mlio darasani pamoja na mwalimu wenu, sogeeni karibu na redio. Na wewe unayelisoma somo hili karatasini baada ya kulisikia, soma polepole, na kalamu yako iwe mkononi. Leo tutasoma, na tena tutajumlisha.

Mmekwisha jifunza kuandika tarakimu. Leo tutazipa kazi. Tutaifuata timu ya taifa moja katika mashindano ya mataifa, tangu mechi yake ya kwanza mpaka ya mwisho. Timu hiyo ni ya Japani, na mchezo ni raga. Mashindano yenyewe ni Kombe la Dunia la mwaka 2015, lililochezwa Uingereza. Japani ilicheza mechi 4. Ikashinda 3. Hata hivyo ilifunga mizigo ikarudi kwao, na timu nyingine zikaendelea.

Je, ilionewa? Mtu asiyejua kusoma jedwali atasema ndiyo. Sisi tutatazama hesabu kwanza, kisha tutasema.

MCHEZO WENYEWE

Wengi wenu mmesikia habari za timu ya Kenya ya wachezaji 7, iliyotwaa kombe la Singapore mwaka 2016. Ile ni raga ya watu 7. Raga tunayoizungumzia leo ni ya watu 15 kila upande, nayo huchezwa kwa dakika 80.

Mpira wa raga una umbo la yai. Mchezaji huuchukua mikononi na kukimbia nao. Akitaka kumpa mwenzake kwa mkono, hana ruhusa ya kuurusha mbele; lazima aurushe kando au nyuma. Wapinzani humkamata na kumwangusha.

Njia kubwa za kupata alama ni hizi tatu:

Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani: alama 5.
Mkwaju wa kuongeza, unaopigwa baada ya trai na kupita kati ya milingoti: alama 2.
Mkwaju wa adhabu, unaopigwa wapinzani wakivunja sheria: alama 3.

Liko neno moja zaidi la kujifunza, nalo ni skramu. Katika skramu, wachezaji 8 wa kila timu hushikana, huinama, na kusukumana na wenzao, mpira ukiwa katikati.

ALAMA NA POINTI

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Katika somo hili tutatenganisha maneno mawili. Alama hupatikana uwanjani, nazo hutuambia nani ameshinda leo. Pointi huandikwa katika jedwali la mashindano, nazo hutuambia nani ataendelea mbele. Alama za leo huisha leo. Pointi huwekwa akiba.

Mwaka 2015 timu zilikuwa 20. Ziligawanywa katika makundi 4, kila kundi timu 5. Timu 2 za juu katika kila kundi ziliingia robo fainali. Pointi zilitolewa hivi:

Kushinda mechi: pointi 4.
Kwenda sare: pointi 2.
Kushindwa: hakuna kitu.

Lakini ziko pia pointi za nyongeza, au bonasi. Timu ikipata trai 4 au zaidi katika mechi moja, huongezewa pointi 1, hata kama imeshindwa. Na timu ikishindwa kwa tofauti ya alama 7 au chini ya hapo, huongezewa pointi 1.

Ninyi mlio wanachama wa vyama vya ushirika mtaelewa upesi. Mkulima hulipwa anapopeleka mazao yake, na pengine baadaye hupata malipo ya pili. Asiyeyahesabu malipo ya pili hajui mwenzake amepata kiasi gani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

JAPANI YAINGIA UWANJANI

Kundi B lilikuwa na Afrika Kusini, Scotland, Samoa, Marekani na Japani. Kombe la Dunia la raga lilianza mwaka 1987. Tangu hapo mpaka kufika 2015, Japani ilikuwa imeshinda mechi 1 tu ya Kombe hilo, dhidi ya Zimbabwe mwaka 1991. Mwaka 1995 ilifungwa na New Zealand alama 145 kwa 17. Hiyo ndiyo aibu waliyokuwa wakiibeba.

Kocha wao, Eddie Jones, aliwafanyisha mazoezi mara kadhaa kwa siku, kuanzia alfajiri. Nahodha alikuwa Michael Leitch. Utauliza: mbona jina hilo si la Kijapani? Leitch alizaliwa New Zealand, akaenda Japani kusoma akiwa na umri wa miaka 15, akabaki huko. Sheria za raga zilimruhusu mtu aliyekaa katika nchi kwa muda uliowekwa kuichezea timu ya nchi hiyo.

Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi, tarehe 19 Septemba, mjini Brighton, dhidi ya Afrika Kusini. Afrika Kusini ilikuwa imechukua Kombe la Dunia mara 2, mwaka 1995 na mwaka 2007. Watu wachache sana walidhani Japani ingeweza kushinda.

Dakika za mwisho zikafika. Afrika Kusini alama 32, Japani alama 29. Mwamuzi akawapa Wajapani adhabu karibu na mstari. Wangepiga mkwaju, wangepata alama 3, na mechi ingekuwa sare, 32 kwa 32. Kwa timu ndogo mbele ya timu kubwa, sare si haba. Lakini Leitch aliukataa mkwaju. Akachagua skramu, ili watafute trai. Wakiipata, wameshinda. Wakiikosa, wameshindwa.

Dakika 80 zilikuwa zimekwisha kupita, lakini katika raga mchezo huendelea mpaka mpira usimame. Mpira ukapelekwa upande wa kushoto mpaka kwa Karne Hesketh, naye akaanguka nao pembeni, nyuma ya mstari. Trai! Japani 34, Afrika Kusini 32.

Shika kalamu. Japani ilipata trai 3, mikwaju ya kuongeza 2, na mikwaju ya adhabu 5. Tujumlishe:

Trai 3 mara alama 5 ni 15.
Mikwaju ya kuongeza 2 mara alama 2 ni 4.
Mikwaju ya adhabu 5 mara alama 3 ni 15.
Jumla ni 34.

Katika hizo 34, mtu mmoja, Ayumu Goromaru, alipata 24.

Sasa tugeukie jedwali. Japani ilishinda, ikapata pointi 4. Trai zake zilikuwa 3, kwa hiyo haikupata nyongeza. Afrika Kusini ilishindwa, lakini ilikuwa na trai 4: nyongeza 1. Tena ilishindwa kwa tofauti ya alama 2 tu: nyongeza nyingine 1. Basi aliyeshindwa aliondoka na pointi 2 mfukoni. Dunia nzima ilikuwa ikishangilia. Jedwali lilikuwa likiandika kimya kimya.

Mechi ya pili ilikuwa Jumatano, tarehe 23 Septemba, mjini Gloucester, dhidi ya Scotland. Zilikuwa zimepita siku 4 tu tangu mechi ile ngumu, na Scotland ilikuwa haijacheza bado. Mpaka mapumziko Scotland iliongoza 12 kwa 7. Kipindi cha pili Wajapani waliishiwa nguvu. Scotland ilishinda 45 kwa 10, kwa trai 5. Scotland pointi 5, Japani hakuna kitu.

Mechi ya tatu, Jumamosi tarehe 3 Oktoba, Japani iliifunga Samoa 26 kwa 5 mjini Milton Keynes. Trai 2. Pointi 4, bila nyongeza. Akiba ya Japani sasa ni 8.

SIKU YA KUNGOJEA

Sasa soma aya hii mara mbili. Kabla ya mechi za mwisho, Japani ilikuwa na pointi 8 na Scotland ilikuwa na pointi 10. Kila moja ilibakiwa na mechi 1. Scotland ingecheza na Samoa Jumamosi, tarehe 10 Oktoba. Japani ingecheza na Marekani siku ya pili yake.

Ikiwa Scotland itashinda, itafika 14. Na Japani, hata ikishinda kwa trai 4, itafika 13 tu. Kwa hiyo bahati ya Japani ilikuwa mikononi mwa Samoa, ile ile waliyoifunga wiki moja nyuma. Mjapani aliyeijua hesabu hiyo alikuwa na sababu ya kuiombea Samoa ushindi.

Samoa ilipigana kweli kweli. Mwisho wake Scotland 36, Samoa 33. Tofauti ni alama 3. Japani ikawa imetoka kabla ya kucheza mechi yake ya mwisho.

Siku ya pili, huko Gloucester, Wajapani waliingia uwanjani wakijua kwamba hakuna tena cha kupata katika jedwali. Wangeweza kucheza kwa uvivu wangoje ndege. Waliishinda Marekani 28 kwa 18. Baada ya mechi Goromaru alipohojiwa alishindwa kusema, machozi yakamtoka.

JEDWALI

Hili hapa jedwali la mwisho la Kundi B. Linakili katika daftari lako. Pointi za kushinda ukijumlisha na za nyongeza utapata jumla.

Afrika Kusini: ushindi 3, pointi 12, nyongeza 4, jumla 16.
Scotland: ushindi 3, pointi 12, nyongeza 2, jumla 14.
Japani: ushindi 3, pointi 12, nyongeza 0, jumla 12.
Samoa: ushindi 1, pointi 4, nyongeza 2, jumla 6.
Marekani: ushindi 0, pointi 0, nyongeza 0, jumla 0.

Tazama safu ya ushindi: 3, 3, 3. Timu tatu ziko sawa. Sasa tazama safu ya nyongeza: 4, 2, 0. Hapo ndipo zilipoachana. Japani ikawa timu ya kwanza katika Kombe la Dunia la raga kushinda mechi 3 za kundi na kutolewa papo hapo.

Mwanafunzi hodari atauliza: Japani ilipata trai 3 mbele ya Afrika Kusini, na 3 tena mbele ya Marekani. Kama ingeongeza trai moja katika kila mechi hizo, je, ingepona? Swali zuri. 12 na 2 ni 14, sawa na Scotland. Lakini sheria ilisema: pointi zikilingana, anayetangulia ni yule aliyemfunga mwenzake. Scotland ndiyo iliyoifunga Japani. Kwa hiyo jibu ni hapana. Haikuonewa. Sheria zilikuwa zimeandikwa kabla ya mashindano, nazo zilikuwa moja kwa wote.

MIAKA MINNE BAADAYE

Mwaka 2019 Kombe la Dunia lilichezwa Japani kwenyewe, na Leitch alikuwa bado nahodha. Safari hii walishinda mechi zote 4 za kundi: Urusi 30 kwa 10, Ireland 19 kwa 12, Samoa 38 kwa 19, na Scotland 28 kwa 21.

Nataka uitazame mechi ile ya Samoa. Dakika 80 zimetimia. Japani inaongoza 31 kwa 19, na trai zake ni 3. Ushindi umekwisha patikana. Lakini Wajapani hawakuutoa mpira nje ili mchezo uishe. Waliendelea kusukuma mpaka Kotaro Matsushima akapata trai ya nne. Kwa nini? Wewe sasa wajua. Walikuwa wakiitafuta pointi 1.

Katika kundi lao walimaliza na pointi 19: za ushindi 16, na za nyongeza 3. Wakaingia robo fainali kwa mara ya kwanza. Huko walifungwa na Afrika Kusini 26 kwa 3, na Afrika Kusini ndiyo iliyolichukua Kombe. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba chenyewe lazima kipimwe na kiandikwe.

MASWALI

1. Kuna tofauti gani kati ya alama na pointi katika somo hili?
2. Timu imeshindwa 20 kwa 25, nayo imepata trai 2. Itaandikiwa pointi ngapi?
3. Kama Leitch angepiga mkwaju ule na mechi ikawa sare, Japani ingemaliza kundi na pointi ngapi?
4. Zungumzeni darasani: Je, Leitch alifanya vema kuchagua skramu? Toeni sababu.

Kazi ya nyumbani: Chora jedwali la mashindano yoyote yanayochezwa karibu nawe, hata ya vijana wa kijijini. Waulize sheria za pointi kabla ya mechi ya kwanza, uziandike juu ya jedwali. Kila mechi ikiisha, andika mwenyewe. Siku kukitokea ubishi, watu watakuja kutazama daftari lako.

Mpaka somo lijalo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.