Ujerumani: Kiota cha nyuki kikiwa mlangoni, sheria inasemaje?

Kila yanapowadia majira ya machipuko, baadhi ya wakaazi wa Ujerumani hugundua kwamba bustani zao zimepata wapangaji wapya: nyuki wanene wenye manyoya, wa jenasi ya Bombus, waliojenga kiota chini ya ngazi ya mlango au kwenye lundo la mboji. Swali la kwanza huwa moja: je, waangamizwe?

Sheria inakataza. Nyuki hao ni miongoni mwa viumbe wanaolindwa, na anayewaua au kuharibu kiota chao bila sababu ya msingi anaweza kutozwa faini, ambayo katika baadhi ya majimbo hufikia Yuro 50,000. Hata kukihamisha kunahitaji idhini ya mamlaka ya uhifadhi wa mazingira.

Ulinzi huo una sababu. Nyuki hawa huruka hata katika baridi inayowazuia nyuki wa asali kutoka mzingani, na kwa mtetemo wa misuli yao hukung'uta chavua ya maua ya nyanya, kazi ambayo nyuki wa asali hawaiwezi.

Tofauti na nyuki wa asali wa Afrika Mashariki, wanaofahamika kwa ukali, hawa huishi katika makundi madogo, kwa kawaida ya mia chache tu, na ni nadra kuuma iwapo kiota hakijaguswa. Dume hana mwiba. Hata hivyo, jike anaweza kuuma zaidi ya mara moja, na kwa mtu mwenye mzio, sumu yake huweza kuhatarisha maisha.

Kwa wengi, dawa ni subira. Kundi hudumu msimu mmoja tu: ifikapo majira ya mapukutiko, wote huwa wamekufa isipokuwa malkia wachanga, ambao hujificha ardhini hadi mwaka unaofuata. Kiota kilichobaki tupu kinaweza kuondolewa.

Hadi wakati huo, eneo hilo lizungushiwe kamba, watoto waelezwe, na mashine ya kukatia nyasi isipitishwe karibu. Tundu lisizibwe, kwani nyuki waliofungiwa hutafuta njia nyingine, pengine kuelekea ndani ya nyumba.

Penye mgonjwa wa mzio, mamlaka hujulishwa mapema. Mtaalamu aliyeidhinishwa hukihamisha kiota usiku, nyuki wakiwa wamerejea, akimulika kwa taa nyekundu, rangi ambayo macho yao hayaioni vyema.