Coulsdon: Mtaa ambako jirani hujulikana kwa pipa lake

USIKU wa kwanza sikupata usingizi, na kilichoninyima ni ukosefu wa kelele. Hakukuwa na matatu ya kupiga honi, wala mhubiri mwenye kipaza sauti, wala jenereta la duka la pembeni. Mnamo saa nane nikasikia ukelele kama wa mtoto anayekabwa koo, nikaruka kutoka kitandani. Binamu yangu akacheka kutoka chumba cha pili. "Lala, ndugu yangu. Ni mbweha huyo."

Hapo ni Coulsdon, ukingo wa kusini wa jiji la London. Ukipanda gari-moshi katika stesheni ya London Bridge utafika kwa muda wa nusu saa hivi. Utaona barabara moja yenye maduka, utapanda kilima kati ya nyumba zinazofanana kama maharagwe, kisha nyumba zitaisha ghafla, kana kwamba aliyekuwa akizijenga aliishiwa na matofali. Baada ya nyumba ya mwisho ni nyasi, na juu ya nyasi wamesimama ng'ombe.

Nilikaa huko wiki tatu mnamo Novemba 2023, nikiwa mgeni wa huyo binamu yangu ambaye ni muuguzi. Alikwenda mwaka wa 2022, mwaka mmoja baada ya Kenya na Uingereza kutia saini mkataba kuhusu wahudumu wetu wa afya kwenda kufanya kazi huko. Nyumbani Kisii husemwa kwamba yuko "London", na wanaosema hivyo huona akilini mwao taa, mabasi mekundu na umati wa watu. Kwa muda mrefu hakutuambia kwamba katika majira yake ya kwanza ya baridi alifungasha sanduku mara mbili akitaka kurudi.

"Mshahara haukuwa mbaya, na baridi niliinunulia koti," alinieleza. "Lakini nilimaliza siku nne za mapumziko bila kutamka neno moja kwa binadamu."

Ukuta mmoja

Nyumba nyingi za mtaa huo zilijengwa kati ya vita viwili vikuu vya dunia. Zimekaa mbili mbili, zikishiriki ukuta wa katikati. Mkazi wa Nairobi atashangazwa kwanza na yale asiyoyaona: hakuna ukuta wenye vigae vya chupa juu, hakuna lango la chuma, hakuna bawabu wa kuuliza unakwenda kwa nani. Ni ua wa majani unaokufika kiunoni, basi. Ungedhani watu wasiojifungia hivyo hushinda wakitembeleana. La! Binamu alikuwa akimsikia mzee wa upande wa pili akikohoa, akajua saa anayowasha redio na saa anayoizima, na miezi mitano ikapita bila kumjua jina.

Huko kumwacha jirani na utulivu wake ndiyo heshima yenyewe. Anayebisha hodi bila kutarajiwa huonekana amekuja na shida au amekuja kuuza kitu.

Na giza nalo! Mwezi wa Desemba jua la London huchomoza saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi jioni. Muuguzi wa zamu ya mchana huondoka gizani na kurudi gizani. (Mwezi wa Juni mambo hugeuka, jua likatua baada ya saa tatu usiku, lakini Juni ni mbali sana ukiwa Desemba.) Hata serikali yao iliuona upweke huo. Januari 2018 Waziri Mkuu Theresa May alimteua waziri wa kuushughulikia. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilicheka.

Malisho ya umma

Usidhani kimya hicho kilijileta. Malisho yale huitwa Farthing Downs, na mwaka wa 1883, wakati ardhi za malisho ya pamoja zilipokuwa zikimegwa na kuzungushiwa ua, halmashauri ya City of London iliyanunua ili yabaki wazi kwa umma. Hadi leo ni mali yake, ingawa yako yapata kilomita 20 kutoka makao yake. Mwaka wa 1938 ikatungwa sheria ya kulinda ukanda wa kijani kuzunguka London, na mwaka wa 1955 waziri Duncan Sandys akayahimiza mabaraza ya kwingineko yafanye vivyo hivyo. Ukanda wa London pekee ni takriban hekta nusu milioni. Sisi tuliokaribia kuupoteza msitu wa Karura katika miaka ya 1990 tunajua ni kazi kiasi gani kuzizuia ploti.

Wapo wanaoulalamikia. Husema ukanda huo umeifanya ardhi ya kujenga kuwa adimu, na kwamba vijana waliozaliwa humo hawamudu kununua nyumba karibu na wazazi wao. Desemba 2024 serikali ililegeza masharti, na sehemu kadhaa zilizopewa jina la "ukanda wa kijivu" sasa zaweza kuruhusiwa kujengwa.

Salamu baada ya lango

Kilichomfungulia binamu mlango ni njia za miguu. Katika sheria za Uingereza, njia ya umma ikipita katikati ya shamba la mtu, kila mpita njia ana haki ya kuitumia, na sheria ya 1949 iliyalazimisha mabaraza kuzichora njia hizo kwenye ramani. Mshale wa manjano hukuonyesha njia. Unafungua lango la mkulima, unakatiza shamba lake, unalifunga. Hebu jaribu hivyo katika shamba la kahawa la Kiambu!

Jumapili moja binamu aliufuata mshale kuvuka Farthing Downs. Wa kwanza kukutana naye alikuwa mama mmoja mwenye mbwa, ambaye kwa miezi alikuwa akimpita kando ya barabara bila kuinua macho. Mama huyo akamwamkua na kulalamikia matope. Wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. "Nilidhani wamenifananisha na mtu," asema binamu.

Nilipokuwa huko nilihesabu. Kutoka stesheni hadi nyumba ya mwisho, salamu sifuri. Baada ya lango la malisho, salamu kumi na moja, na mbwa watatu walionilamba mikono. Tulifika hadi kanisa dogo la Chaldon, lenye picha ya ukutani ya mnamo mwaka 1200: roho zinakwea ngazi ya wokovu, nyingine zinaanguka, na mashetani wanachochea moto chini ya chungu. Binamu aliitazama kisha akasema ngazi za London Bridge saa mbili asubuhi ni hivyo hivyo.

Ni malishoni huko alikokutana na yule mzee wa nyuma ya ukuta, akitembea na fimbo yake. Hapo ndipo walipotajiana majina.

Jumatano jioni

Huko taka huchukuliwa kwa siku maalumu. Mapipa ya magurudumu hutolewa nje Jumatano jioni, na Alhamisi asubuhi gari la watu wa kanju hupita. Alhamisi moja ya Machi 2023, akirejea kutoka zamu ya usiku, binamu aliona mapipa yamejipanga mtaa mzima ila la mzee. Akasimama. Adabu za huko zilimwambia aende zake akalale. Alibisha, hakuitikiwa, akainama kwenye tundu la barua mlangoni akasikia mtu akiguna.

Mzee alikuwa ameanguka jikoni jana yake jioni na kuvunjika nyonga. Usiku kucha alikuwa amegonga ukuta kwa fimbo. Upande wa pili hakukuwa na mtu. Jirani yake alikuwa kazini, akiwageuza wagonjwa wengine vitandani.

Alirudi nyumbani mwezi wa Mei, akitembelea kigari cha kushikilia. Tangu hapo kila Jumatano binamu huburuta mapipa ya nyumba mbili.

Jumatano ya mwisho ya ziara yangu tulipomaliza kazi hiyo tulimpigia simu shangazi yangu, mamake binamu, ambaye anaishi peke yake kule Kisii. Akasimuliwa habari za mzee.

"Kwani hana mtoto, mwanangu?"

"Anaye mmoja, mama. Yuko Australia."

Shangazi akanyamaza. Kisha akauliza: "Na huyo kijana humpigia simu?"

"Kila Jumapili."

Shangazi akasema salio limemwishia, akakata, ingawa sisi ndio tuliokuwa tumepiga.