Mkokoteni wa Mwezini

Mama huwaambia majirani kwamba mimi nachora katuni, nami simkosoi. Kazi yangu hasa ni kuchora kitu ambacho bado hakipo, kama vile joho la mfalme au daladala ya mwaka 2150, ili watengenezaji wa filamu au gemu wajue wajenge nini.

Ralph McQuarrie, mchoraji wa kazi kama hii, alikuwa akiichorea kampuni ya Boeing kabla ya George Lucas kumpa kazi ya Star Wars, katikati ya miaka ya 1970. Aliposoma katika hadithi ya filamu hiyo kwamba mhusika Darth Vader anavuka anga lisilo na hewa kutoka chombo hadi chombo, akamvika barakoa. Sura ile ilizaliwa na swali la kifundi: huyu atapumuaje?

Mimi nilianza vibaya. Nilipeleka studio nyuso ishirini za warembo, zote zikitazama kushoto (za kulia hunishinda hadi leo). Mzee aliyezipitia akauliza, "Kijana, huyu anaishi wapi? Mlango wake ukoje?" Nikabaki kimya.

Nikaenda Kariakoo na daftari. Siku tatu nilichora mkokoteni mmoja: ekseli, kamba, mpini uliolainishwa na viganja. Kisha nikauchora ukiwa mwezini, ambako mzigo hupungua hadi sehemu moja ya sita ya uzito wake. Matairi ya mpira nikayaondoa, nikasuka ya waya.

Nilipomrudia, mzee aliutazama ukurasa huo muda mrefu, kisha akauliza breki ziko wapi.