Hodhi au Bomba la Mvua? Hesabu ya Maji Bafuni mwa Meli

Anayejenga Hamugembe, hapa Bukoba, siku hizi huweka bafu ndani ya nyumba, na kama anajenga vyumba vya wageni, kila chumba hukipa bafu lake. Hapo ndipo fundi bomba anapoulizwa: tuweke hodhi la kuogea, lile la kulala ndani yake, au bomba la mvua linatosha? Muulizaji mara nyingi ana picha kwenye simu. Inaonyesha kabini ya meli ya kitalii, hodhi jeupe lililojaa povu, na dirisha kubwa linalotazama bahari. Anataka chumba chake kifanane na hicho.

Picha ni ya kweli, ila imepigwa kwenye vyumba vya bei ya juu. Katika meli hizohizo, kabini nyingi za kawaida zina bomba la mvua tu. Waunda meli wangeweza kuweka hodhi kila chumba. Wameamua wasiweke, na sababu zao zinamhusu mjenzi wa Hamugembe kuliko anavyodhani.

Hodhi lilivyopanda na kushuka

Mwaka 1912 Titanic ilipong'oa nanga, abiria wake wa daraja la tatu walikuwa zaidi ya 700. Wote waligawana mahodhi mawili ya kuogea, moja la wanaume na moja la wanawake. Katika meli za zama hizo hodhi lilijazwa maji ya bahari yaliyopashwa moto, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi yalikuwa ya akiba. Sabuni ya kawaida haitoi povu la maana kwenye maji ya chumvi, hivyo ilitengenezwa sabuni ya pekee kwa ajili ya mabaharia na abiria.

Mwaka uliofuata, 1913, kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli iliyoitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa huko. Ndiyo MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Kiwanda hicho bado kipo, na leo kinajulikana kwa meli za kitalii zinazobeba maelfu ya watu kwa safari moja. Miongoni mwa kazi zake ni Disney Dream ya 2011 na Disney Fantasy ya 2012. Meli hizo mbili ni za familia zenye watoto, na kabini zake nyingi zina hodhi. Bafu limegawanywa vyumba viwili vidogo: kimoja kina hodhi lenye bomba la mvua juu yake, kingine kina choo, na kila kimoja kina sinki lake. Baba anaoga, mtoto anakwenda chooni, hakuna anayegonga mlango.

Huo ni uamuzi wa kampuni moja iliyowajua wateja wake. Kampuni nyingine nyingi zimekwenda njia tofauti: hodhi kwa vyumba vikubwa vya bei kali, bomba la mvua kwa wengine wote. Sababu ya kwanza ni nafasi. Bafu la kabini ya kawaida lina mita mraba mbili au tatu tu. Halijengwi kwa matofali ndani ya meli. Hutengenezwa kiwandani likiwa kasha zima lenye choo, sinki, mabomba na taa, kisha huingizwa melini na kuunganishwa. Huko Piikkiö, Ufini, kuna kiwanda kinachotengeneza kabini nzima namna hiyo. Hodhi la urefu wa mita moja na nusu na upana wa sentimita 70 hula mita mraba moja nzima. Bomba la mvua linatosheka na theluthi mbili ya hapo, na asipokuwepo anayeoga, sakafu yake hukanyagwa kama sakafu nyingine.

Maji yana uzito

Lita moja ya maji ni kilo moja. Hodhi la kawaida likijazwa vizuri hubeba lita 150, yaani kilo 150 kabla muogaji hajaingia. Chukua meli yenye mahodhi 100, na abiria wote waamue kuoga jioni moja: hizo ni tani 15 za maji, tena ziko ghorofa za juu, mahali ambapo mwunda meli hataki uzito. MV Mwanza Hapa Kazi Tu, iliyoshushwa majini Mwanza Februari 2023, imeundwa kubeba abiria 1,200, magari 20 na mizigo tani 400. Ukilinganisha na tani hizo 400, utaona kuwa tani 15 za maji ya kuoga si jambo la kupuuza.

Watu wa Bukoba hatuhitaji kuelezwa maana ya meli kukosa uthabiti. Tangu 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, kila familia hapa ina jina la kutaja. Kwa hiyo swali linalokuja haraka ni hili: maji yanayochezacheza kwenye hodhi hayawezi kuipindua meli?

Maji yaliyo wazi juu, yenye nafasi ya kukimbilia upande mmoja, kweli hupunguza uthabiti wa chombo. Aliyejitwika ndoo ya maji isiyojaa anaijua kazi hiyo. Ndiyo sababu wachota maji huweka majani juu ya maji ili yasitikisike. Lakini ukubwa wa athari hutegemea zaidi upana wa maji yenyewe. Upana ukiongezeka mara mbili, athari huongezeka mara nane. Ukiongezeka mara kumi, athari hufika mara elfu. Maji ya ndani ya hodhi yana upana wa sentimita 60 tu. Sitaha ya magari yenye upana wa mita 17 ni pana kuliko maji hayo karibu mara 28. Maji yakitapakaa humo, athari yake, kwa urefu uleule, huzidi ile ya hodhi mara 20,000 na zaidi. Hatari ya maji yanayohama iko kwenye sitaha pana iliyoingiwa na maji na kwenye matangi makubwa yaliyojaa nusu. Hodhi halipindui meli. Kosa lake ni uzito uliowekwa juu, na gharama ya kuyapata maji yake.

Maji yanatoka wapi

Katikati ya bahari hakuna mamlaka ya maji. Meli hujitengenezea maji yake kwa kuyachemsha maji ya bahari na kuukusanya mvuke, au kuyasukuma kwa nguvu kupita kwenye utando unaozuia chumvi. Njia ya kwanza hutumia joto la injini ambalo vinginevyo lingepotea. Ya pili hula umeme. Kila lita inayoingia bafuni imekwisha kulipiwa kwa mafuta.

Ziwa letu halina chumvi, na hiyo ni nafuu kubwa. Hata hivyo maji ya Ziwa Victoria yakivutwa kutoka ubavuni mwa meli hayafai kujazwa moja kwa moja kwenye hodhi. Kichocho huingia mwilini kupitia ngozi, na karibu na mwambao ndiko vimelea wake wanakopatikana. Mtu anayelala dakika 20 kwenye maji yasiyotibiwa anawapa muda wote wanaouhitaji. Ni lazima maji yachujwe na kutiwa dawa kwanza, iwe melini au nyumbani.

Sasa tupige hesabu. Bomba la mvua la kawaida hutoa lita 9 hadi 12 kwa dakika. Lenye kichwa cha kubana matumizi hutoa lita 6 hadi 8. Kwa lita 8, anayeoga dakika tano hutumia lita 40. Hodhi lililojazwa kwa kiasi, lita 120, ni sawa na dakika 15 chini ya bomba hilo. Kwa hiyo bomba la mvua hushinda kwa sharti moja: usilifanye ukumbi wa kuimbia. Anayesimama chini ya bomba la lita 12 kwa robo saa ametumia lita 180, na mwenye hodhi ana haki ya kumcheka. Mabaharia hufungua maji, hujilowesha, hufunga, hujipaka sabuni, kisha hufungua tena kujisuuza. Wanaoga kwa dakika mbili tu za maji.

Joto nalo lina bei. Kupasha lita 120 kutoka nyuzi 24 hadi nyuzi 40 kunahitaji uniti mbili na robo hivi za umeme. Lita 40 zinahitaji robo tatu ya uniti. Zidisha kwa vyumba kumi vya gesti, kila siku, halafu tazama bili yako.

Maji yanakwenda wapi

Swali hili husahaulika zaidi. Ripoti ya 2008 ya mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikadiria kuwa kila mtu aliye ndani ya meli ya kitalii huzalisha wastani wa galoni 67 kwa siku, karibu lita 250, za maji machafu ya bafu, sinki, jiko na dobi, mbali na ya choo. Choo cha meli, kinachovuta kwa nguvu ya hewa, hutumia takribani lita moja tu kila kinaposafishwa. Choo kimebanwa kiasi hicho, hivyo mtumiaji mkubwa wa maji aliyebaki ni bafu. Maji yake hushuka kwenye matangi, na matangi hujaa. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa bahari unadhibiti maji ya choo, lakini maji ya bafu umeyaachia kila nchi iweke sheria yake.

Hamugembe tunalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Sehemu za bondeni karibu na Mto Kanoni hujaa maji msimu wa mvua, na Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini. Ardhi iliyokwisha kulowa hainywi maji haraka. Ukifungua kizibo cha hodhi, lita 120 hushuka kwa dakika chache kwenye shimo ambalo tayari limeelemewa. Bomba la mvua humwaga kidogo kidogo, na shimo hupata nafasi ya kupumua. Kisha kumbuka kuwa Kanoni huishia ziwani, na ziwa hilo ndilo chanzo cha maji ya mji.

Usalama wa muogaji

Ukingo wa hodhi hufika karibu nusu mita kwenda juu. Kijana huuvuka bila kufikiri. Mzee mwenye magoti mabovu, au mtu yeyote wakati meli inayumba, huuvuka kwa hatari. Ndiyo maana kabini za wanaotumia viti vya magurudumu huwekewa bomba la mvua lenye sakafu sawa, kiti cha kukalia na vyuma vya kushikilia. Mabafu mengine ya meli huwekewa kizingiti kifupi kuzuia maji yasitoke, na mara nyingi sakafu huwa na tundu zaidi ya moja la kutolea maji, ili meli ikiinama upande wowote maji yapate njia.

Hodhi nalo lina sifa zake. Kuogesha mtoto mdogo ni rahisi zaidi, na kwa mwenye maumivu ya misuli, maji ya moto yaliyotulia yana faraja ambayo bomba halina. Ila asiachwe mtoto humo peke yake hata kwa kitambo kifupi.

Bomba la mvua lina adui asiyeonekana, bakteria wa Legionella, anayesababisha homa kali ya mapafu. Hustawi kwenye maji ya vuguvugu yaliyokaa bombani, kisha huvutwa na pumzi kupitia matone madogo yanayoruka. Mwaka 1994 abiria 50 wa safari za meli ya Horizon waliugua; safari hiyo chanzo kilibainika kuwa si bomba la mvua bali mabwawa madogo ya maji ya moto yenye viputo, ila bakteria ni yuleyule. Kinga yake si ngumu. Maji ya moto yahifadhiwe kwenye nyuzi 60 na kuchanganywa na ya baridi karibu na koki ili yasimuunguze mtu. Kichwa cha bomba kisafishwe mara kwa mara, na chumba kilichokaa siku kadhaa bila mgeni kifunguliwe maji dakika chache kabla ya kukabidhiwa.

Uamuzi

Kwa chumba cha wageni Hamugembe, kama kwa kabini ya kawaida ya meli, weka bomba la mvua. Fedha ambayo ungenunulia hodhi inunue vitu vinne: kichwa cha kubana maji, simtanki ya akiba, marumaru zisizoteleza pamoja na chuma cha kushikilia, na shimo la maji machafu lililochimbwa kwa kipimo. Hodhi liwekwe pale tu penye familia ya watoto wadogo au mgonjwa aliyeshauriwa na daktari, na liwe na bomba la mvua juu yake ili siku za kawaida lisijazwe. Kwa nyumba isiyo na maji ya uhakika, ndoo na kopo bado vinashinda vyote viwili: lita 15 zinamtosha mtu mzima kuoga akatakata.