Ufadhili wa Utafiti wa Itikadi Kali Upo, Lakini Leseni Kwanza

Wanafunzi wa uzamifu wanaochunguza itikadi kali, ubaguzi wa rangi au mauaji ya kimbari wanaweza kuomba ufadhili ndani na nje ya nchi. Wakfu wa Harry Frank Guggenheim wa New York hufadhili utafiti kuhusu vyanzo vya ghasia na hupokea waombaji wa nchi yoyote. Una tuzo ya dola 25,000 kwa anayemaliza kuandika tasnifu. Ni rahisi kukosea hapa: fedha hizo si za kazi ya nyanjani, ambayo inapaswa kuwa imekamilika. Humu nchini ipo Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013.

Anayekwenda nyanjani lazima awe na leseni ya NACOSTI, na kabla ya kuanza amjulishe Kamishna wa Kaunti, Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti na Gavana. Katika mada hii, huo si urasimu mtupu. Mgeni anayeuliza kijijini ni nani aliyejiunga na Al-Shabaab hudhaniwa mpelelezi, na akishaondoka, familia aliyoihoji ndiyo hubaki ikitiliwa shaka. Waliofiwa katika shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, nao huenda wakahitaji mshauri nasaha baada ya mahojiano. Gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, na ombi lieleze majina yatafichwa vipi na rekodi zitahifadhiwa wapi.