Shule kando ya mto: ni ya nani?

Ukitoka Kisangani na kufuata mto Kongo kuelekea chini, karibu kilometa 100, unafika Yangambi, kwenye ukingo wa kuume. Ndugu wasomaji mnaokaa Likasi, Kolwezi ao kwenye machimbo ya almasi, wengi wenu mmesikia jina hilo shuleni. Ni pale Wabelgiji walifungua INEAC mwaka 1933, kwa kuchunguza michikichi, kahawa, mpunga na miti ya pori.

Vile kampani ya shaba ilifanya kwenu, INEAC ilifanya kwetu. Ilijenga nyumba za wafanyakazi, hospitali na shule. Mzazi hakuulizwa kitu, alituma mtoto tu. Nanyi mnajua mambo yaliendelea namna gani, maana Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, shule za watoto wa wafanyakazi zilianguka pamoja nayo. Kwetu INEAC iligeuka INERA mwaka 1970, pesa zikapungua, mabati yakaoza. Lakini fikra moja ilibaki katika vichwa: shule ni ya yule mwenye kuijenga, sisi ni wageni ndani yake.

Kumbe vijiji vya mtoni, vya Walokele na Waturumbu, havikukaa hivyo zamani. Huko wazazi walikata miti wenyewe, wakaezeka kwa majani ya ndele, wakatafutia mwalimu nyumba na samaki. Misioni ya Wabatisti ya Yakusu, karibu na Kisangani, ilikuwa na shule nyingi za namna hiyo. Mmisionari John Carrington, aliyeandika mwaka 1949 juu ya lokole, ngoma yenye kusema, alijifunza ngoma hiyo katikati ya wanakijiji wale.

Mwaka 2024, maji yalipokwisha kushuka, nilitembelea shule moja ya namna hiyo. Sitaji jina la kijiji. Mnakumbuka kwamba mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa 2024 mto Kongo ulipanda kuliko miaka yote tangu 1961. Pale shuleni maji yaliingia mpaka kwenye madawati. Lakini si madawati yaliyonihuzunisha. Choo kilikuwa kimechimbwa hatua chache tu toka ukingoni, kwa sababu udongo wa pale ni laini na kuchimba ni rahisi. Maji yalikifunika, yakabeba yote yaliyokuwa ndani. Na chini kidogo, watoto walewale walikuwa wakiteka maji ya kunywa.

Hili si jambo dogo. Mwaka 2011 kipindupindu kilianza Kisangani, kikashuka na mto, bandari kwa bandari, mpaka Kinshasa. Mto ni barabara yetu, soko letu, bomba letu. Uchafu wa kijiji kimoja ni kinywaji cha kijiji kinachofuata.

Niliomba kapita aite wazazi. Walikuja wachache. Nikauliza: “Nani anaangalia choo cha shule?” Kimya. Kisha papa mmoja akasema: “Pasta, Serikali ilisema masomo ni bure. Basi ilete na choo.”

Sikumcheka, maana hakusema uongo. Katiba ya 2006, artikulo ya 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure. Lakini wazazi waliendelea kulipa, hata mishahara ya walimu, mpaka Septemba 2019 Serikali ilipoanza kweli kutekeleza neno hilo. Ilikuwa furaha kubwa. Watoto waliokuwa wakikaa nyumbani walijaa darasani. Lakini mambo mawili yalifuata. Walimu wengi majina yao hayakuingia kwenye listi ya mshahara, na huku juu kwenye mto walikaa miezi bila kitu. Na wazazi wengi walielewa “bure” kwa maana ya “si kazi yetu tena”. Komite ya wazazi haikukutana. Majani hayakukatwa. Miembe iliyokuwa ikizuia upepo ilikatwa kwa kuni, na tufani ya kwanza ikabeba nusu ya paa.

Hata sisi wa kanisa tuna sehemu ya kosa. Serikali ilituchukulia shule mwaka 1974, ikaturudishia uongozi wake kwa mapatano ya 1977. Tangu pale tunapenda sana kuweka jina letu kwenye kibao cha shule. Kufagia uwanja wake, hapana.

Mama mmoja, muuza samaki, ndiye aliyefungua mkutano. Alisema: “Mimi siwezi kulipa mwalimu. Lakini mtoto wangu alipata kuhara wiki mbili. Jembe iko.” Wakacheka, kisha wakaanza kugawa kazi. Kila ukoo ulipewa kipande chake, kama Nehemia alivyogawa ukuta wa Yerusalemu, kila mtu mbele ya nyumba yake. Choo kipya kilichimbwa nyuma ya kilima, mahali maji hayakufika. Maji ya kunywa ya shule yanachemshwa na mama wawili kila siku, kwa zamu. Walipanda safu na miembe upande ule tufani inakotoka.

Neno gumu lilikuwa kalenda. Mwezi wa tisa, masomo yakifunguliwa, watoto wangali porini wakiokota viwavi, na maji yakipungua familia zinahamia kambi za uvuvi kwenye visiwa. Direkta alikasirika, wazazi nao wakauliza watakula nini. Mwishowe walipatana kwamba mtoto atabaki kijijini kwa bibi yake, na familia ya kambini itamtumia bibi samaki. Wengine walikubali. Wengine hawakukubali, na viti vyao vingali vitupu.

Kitu kimoja kilinichoma. Walipatana pia kulimia mwalimu asiye na mshahara shamba la mihogo, na kazi wakawapa watoto, saa za masomo! Nilisema hapana, wazazi walime wenyewe siku ya Jumamosi. Walinung’unika sana. Jumamosi ya kwanza walikuja watu saba, ya pili kumi na wanne, na kapita alikuja na panga lake mwenyewe. Paa ingali nusu. Ndele zimekatwa, zinakauka kando ya uwanja, zinangoja wanaume warudi toka visiwani.