Je, Wajua? Mkweche wa Bilioni Nane na Maajabu Mengine ya Magari Adimu

Gari lenye kutu liliuzwa zaidi ya shilingi bilioni 8

Januari 2020, mjini Kissimmee, Florida, Ford Mustang ya mwaka 1968 iliyoendeshwa na mwigizaji Steve McQueen katika filamu ya *Bullitt* ilipigwa mnada. Rangi yake ya kijani ilikuwa imepauka, bodi ina kutu na mibonyeo, na hakuna aliyejisumbua kuinyoosha. Ilikwenda kwa dola milioni 3.74, ada za mnada zikiwemo. Tukisema bodaboda mpya ni shilingi milioni tatu, fedha hiyo ingenunua zaidi ya 2,500, na ya mafuta ingebaki.

Familia iliyoiuza iliinunua mwaka 1974 kupitia tangazo la jaridani, kwa dola 6,000, na mama wa nyumba hiyo alikwenda nayo kazini kufundisha. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliwaandikia barua akiomba arudishiwe gari lake. Hawakukubali, ila barua waliitunza, na ikawa sehemu ya ushahidi kwamba gari ni lenyewe. Kama wangelipeleka kwa fundi likapigwe rangi mpya ling'ae, wangekuwa wamefuta mamilioni kwa msasa wao wenyewe.

Mikwaruzo ya kiwandani ni mali

Tunazungumzia magari ya Kimarekani ya milango miwili, ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, yaliyopachikwa injini kubwa za V8. (Siyo ile V8 ya mkuu wa wilaya.) Anayenunua Chevrolet Camaro ya 1969 hana haraka na rangi. Anafungua boneti, anachukua kitambaa kilicholowa petroli, anafuta oili sehemu ya mbele ya bloku, chini kidogo ya silinda hedi ya upande wa abiria. Hapo pana kibapa cha chuma kilichogongwa herufi na tarakimu: siku injini ilipoundwa, aina yake, na kipande cha namba ya chesisi.

Akishasoma namba, anamulika tochi kwa ubavu. Mashine iliyosawazisha chuma kile kiwandani iliacha mistari myembamba mno, yote ikielekea upande mmoja. Mistari ikiwepo, moyo unatulia. Uso ukiwa laini, mtu amepitisha tupa na kugonga namba za kwake, na hapo mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Kwetu huku mambo ni kinyume kabisa. Land Rover 109 iliyofungwa injini ya Isuzu, ikapanda vilima vya Ngara na gunia za kahawa, ni gari lililookoka. Fundi anasifiwa, mwenye gari anarekebisha kadi, safari inaendelea. Kwa mkusanyaji wa Marekani, gari lisilo na injini liliyozaliwa nayo limepoteza sehemu kubwa ya thamani hata kama linakimbia kuliko zamani. Mimi niko upande wa fundi.

Karatasi chakavu ndani ya kiti huweza kumtajirisha mtu

Viwanda vya Detroit vilichapisha karatasi ya kila gari, ikieleza injini, giaboksi, rangi na kila kikorombwezo alichoagiza mteja. Mara nyingi wafanyakazi waliiacha humo humo: katikati ya springi za kiti cha nyuma, au juu ya tangi la mafuta. Ndiyo maana wanunuzi wa leo hupenyeza mikono ndani ya viti vya zamani.

Karatasi hizo zinaokoa watu, maana kuna magari ambayo namba ya chesisi haisemi yote. Pontiac GTO za 1964 na 1965 ziliandikishwa kama LeMans iliyoongezewa vikorombwezo, hivyo namba hiyo pekee haitofautishi ya kweli na ya kuiga. Kuanzia 1966 hadi 1971, namba ya GTO halisi inaanza na 242.

Lisilonunuliwa jana ndilo linalogombewa leo

Camaro ZL1 ya 1969 ilitengenezwa 69 tu. Injini yake ya aluminiamu iliongeza bei kwa zaidi ya dola 4,000, fedha ya kununulia gari zima jingine, na baadhi zilidoda madukani. Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 ya kufunuka paa zilikuwa 11. Mwaka 2014 moja ilifikia dola milioni 3.5 mnadani.

Kumi na moja ni chache? Jirani zetu wa Kenya wanazo chache zaidi. Mwaka 1986 Rais Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la nchi. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikazinduliwa: magari matano ya majaribio, mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Fedha za kiwanda hazikupatikana, na hesabu ikaishia hapo hapo kwenye tano.

Mustang ilitangulia Muungano kwa siku tisa

Ilizinduliwa 17 Aprili 1964 New York. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26. Bei ilianzia dola 2,368. Mustang yenye namba ya kwanza kabisa iliuzwa kwa bahati mbaya huko Newfoundland, Kanada, kwa rubani wa ndege, ilhali ilikuwa ya maonyesho tu. Ford walipoitaka tena walilazimika kumpa Mustang nyingine.

V8 za Marekani zilikuja Safari Rally, zikagaragazwa na ndugu yao mdogo

Pasaka ya mwaka huo huo Ford walileta timu ya Mercury Comet, injini lita 4.7, kushindana katika barabara za Afrika Mashariki. Zilizofika mwisho ni mbili tu, nyuma kabisa ya msafara. Mshindi? Peter Hughes, na Ford Cortina GT ya Uingereza yenye injini ya lita 1.5! Mwaka uliofuata Joginder Singh na nduguye Jaswant wakashinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Mtumba, kwa lugha yetu.

Ukiwa Mugoma, Ngara, gari la namna hii lingependelea upande wa pili wa mpaka

Magari haya ya Kimarekani yana usukani kushoto, na Burundi huendesha kulia kama Marekani. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo malori yanayovuka Kabanga hubadili upande wa barabara, sawa na yale ya Rusumo yanayoingia Rwanda. Na kodi nayo ipo: Tanzania hutoza asilimia 30 ya ziada ya ushuru kwa gari dogo lililozidi miaka kumi, na Kenya haipokei kabisa mtumba uliozidi miaka minane. Camaro ya 1969 imeshapita hamsini.

Anayetaka kuona gari la kale bila kulipa ushuru aende Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ipo Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya mkoloni, kisha na Mwalimu Nyerere. Hiyo haiuzwi.